Miaka kumi na moja kwenye mabomba na GPA ya 3.6: kisa cha injinia aliyetaka kuwa mhadhiri

Tangazo lilihitaji mtu mmoja: Mhadhiri Msaidizi wa uhandisi wa maji, chuo kikuu cha umma, Tanzania Bara. Masharti yalikuwa yaleyale ambayo kila anayefuatilia matangazo haya ameshayakariri. Shahada ya uzamili yenye GPA, yaani wastani wa alama za masomo yote, isiyopungua 4.0. Shahada ya kwanza yenye GPA isiyopungua 3.8. Zote ziwe za fani husika. Kuhusu uzoefu wa kazi, tangazo halikusema lolote.

Mwombaji ninayemzungumzia alikuwa na miaka 37. Nitamwita Injinia, maana ndivyo anavyoitwa na kila mtu kazini kwake, kuanzia mkurugenzi hadi mafundi wa mabomba. Alikuwa ameitumikia mamlaka ya maji ya mji mmoja wa Kanda ya Ziwa kwa miaka kumi na moja, ukiondoa miwili aliyopewa ruhusa ya kwenda kusoma uzamili. Amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mtaalamu. Uzamili alimaliza na 4.3. Shahada ya kwanza alimaliza na 3.6. Hakuitwa kwenye usaili, na maelezo aliyopata yalikuwa ya sentensi moja: hakukidhi kigezo cha ufaulu wa shahada ya kwanza.

Nimepata ruhusa yake kukiandika kisa hiki, na nimeficha yale yanayoweza kumtambulisha. Mimi nafundisha chuo kikuu na nimekaa kwenye vikao vya kuchambua maombi kama lake, kwa hiyo nauandika utaratibu ninaoufahamu kwa ndani. Wanafunzi wa mwaka wa nne huniuliza swali moja kila mwaka: nikienda kazini kwanza halafu nikarudi kufundisha, uzoefu wangu utanisaidia? Jibu langu, baada ya kumfuatilia Injinia, ni kwamba uzoefu wa nje humsaidia sana mtu akishaingia chuoni. Mlangoni haumsaidii karibu chochote. Na hasara ya jambo hilo wanaibeba zaidi wanafunzi wetu kuliko yeye.

Mlango unapima nini

Vyuo vikuu vyetu vingi hutumia kipimo cha alama tano. Kuanzia 4.4 ni daraja la kwanza. Kati ya 3.5 na 4.3 ni daraja la pili la juu, 2.7 hadi 3.4 ni la pili la chini, na 2.0 hadi 2.6 ni la kupita. Ukiangalia vizuri utaona kuwa 3.8 haiko kwenye mpaka wa daraja lolote. Inalipasua daraja la pili la juu katikati. Injinia na mwenzake aliyepata 3.9 walivaa joho siku moja, vyeti vyao vinataja daraja lilelile, na waajiri wengine wengi nchini wanawahesabu kuwa sawa. Chuo kikuu ndicho kinachowatenganisha.

Viwango hivi vinasimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ili kila chuo kisije na mizani yake. Ngazi zenyewe zinafahamika: mkufunzi msaidizi, ambaye wengi humwita TA, kisha mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, hatimaye profesa. Ukishaingia, uzoefu unahesabiwa, tena kwa ukali. Kwa kawaida mtu hukaa miaka mitatu kabla ya kuomba kupanda cheo, na katika muda huo anatakiwa awe na makala zilizochapishwa katika majarida yanayokaguliwa na wanataaluma wenzake, awe amesimamia tafiti za wanafunzi, na tathmini za ufundishaji wake ziwe nzuri. Uzoefu unaotajwa hapo ni wa kufundisha na kutafiti. Miaka ya kusimamia mtandao wa maji wa mji mzima haimo.

Kwenye fomu ya maombi kuna sehemu ya kujaza kazi ulizowahi kufanya, na Injinia aliijaza yote. Ila mchujo wa kwanza huangalia masharti ya tangazo tu, na kwa kuwa tangazo halikuuliza uzoefu, hakuna aliyesoma alichoandika. Nimeona kwa macho yangu jinsi kazi hiyo inavyofanyika. Orodha inapangwa kwa safu za GPA, wasiofikia wanaondolewa, na mafaili ya waliobaki ndiyo yanayofunguliwa. Wajumbe hawafanyi hivyo kwa roho mbaya. Maombi ni mengi, muda ni mfupi, na mkaguzi akija ataanza kwa kuuliza kama waliochaguliwa walikidhi vigezo.

Anayepita mlango huu kwa urahisi ni kijana wa miaka 24 aliyetoka darasani na 3.9. Anaajiriwa TA, anapelekwa uzamili, baadaye uzamivu, mara nyingi nje ya nchi, na akifika miaka 34 au 35 ni Daktari na ni mhadhiri. Wengi wao ni hodari, na baadhi nimewafundisha mwenyewe. Lakini mfumo unaweza kumkabidhi somo la uendeshaji wa mitandao ya maji kwa miaka kumi mtu ambaye hajawahi kufunga valvu hata moja mtaani huku wateja wakimpigia simu.

Daftari lenye wino mwekundu

Nilimfahamu Injinia kupitia PT. Wanafunzi wa uhandisi hupelekwa kila mwaka kwenye mafunzo kwa vitendo (ndiyo hiyo PT) kwa wiki kadhaa, utaratibu ambao Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliuanza katika miaka yake ya mwanzo, baada ya kufunguliwa 1973. Sisi walimu huzunguka mikoani kuwakagua. Kituo kimoja hupata nusu siku, na tunachokisoma zaidi ni daftari ambalo mwanafunzi huandika kazi za kila siku. Madaftari mengi yanasikitisha: leo tulipanga stoo, leo tulisubiri gari, leo fundi hakuja.

Daftari la mwanafunzi aliyekuwa chini ya Injinia lilikuwa na ramani ya eneo moja la mji, imechorwa kwa mkono, na mahali bomba kuu linapoingilia pamewekwa alama ya dira ya maji, yaani mita. Chini ya ramani palikuwa na usomaji wa dira hiyo kila robo saa, kuanzia saa nane usiku hadi saa kumi. Huo ndio muda ambao karibu kila mtu amelala na bomba zimefungwa, kwa hiyo maji yanayoendelea kupita kwenye dira kwa sehemu kubwa yanavuja ardhini. Mwanafunzi alikuwa amekokotoa kiasi kinachopotea na kupigia jibu mstari. Pembeni, kwa wino mwekundu, Injinia alikuwa ameandika: “Hospitali iko ndani ya eneo hili. Umeitoa?”

Hospitali haifungi bomba usiku. Usipoitoa kwenye hesabu, unapeleka mafundi kuchimba barabara wakitafuta uvujaji ambao haupo. Ukurasa uliofuata ulikuwa na swali jingine, zito zaidi: “Jana kulikuwa na mgao?” Vitabu vya kiada vinavyoeleza njia hii ya kupima usiku huchukulia kuwa maji yanatoka saa zote 24. Kwetu maji yakikatika kutwa nzima, usiku presha inaporudi watu wanaamka kujaza matangi na ndoo. Dira inakimbia, na mhandisi aliyesoma vitabu tu atasema mtandao umeoza, kumbe mtaa mzima unajaza maji. Injinia alikuwa amewafundisha vijana wangu kusubiri siku kadhaa za huduma isiyokatika kabla ya kupima, na kuzunguka mitaa kuhesabu matangi yaliyoko juu ya paa.

Nilifundisha somo hilo muhula uliofuata na nikautumia mfano wake. Hakuna makala niliyowahi kuisoma iliyonieleza jambo hilo kwa uwazi ule.

Kuna kitu cha pili katika daftari lile. Mwishoni kuna fomu ambayo msimamizi wa kituoni humpa mwanafunzi alama na kutia saini. Alama hizo zinaingia kwenye matokeo ya PT, na PT inaingia kwenye shahada. Chuo kinaiamini hukumu ya Injinia kiasi cha kuiweka kwenye matokeo rasmi ya wanafunzi wake. Wakati wa PT anahesabika kuwa mwalimu wao. Muhula ukianza, mlango unafungwa.

Mkuu wa idara aliyetangaza ile nafasi alimpigia simu mwenyewe baada ya orodha kutoka. Injinia alinisimulia mazungumzo hayo kwa utulivu. “Injinia, ingekuwa ni uamuzi wangu ningekupokea kesho,” alimwambia. “Lakini jina lako haliwezi kuvuka hata hatua ya kwanza.” Naye akamjibu: “Nimekuelewa, Daktari. Ila hiyo 3.6 nitaifanyaje? Siwezi kurudi mwaka wa kwanza.”

Mwaka wa kwanza ndio uliomwangusha. Alitoka sekondari ambayo fizikia waliisoma ubaoni, bila maabara, na alipofika chuoni alipata C kwenye masomo ambayo wenzake waliyaona ni marudio. Mwaka wa tatu na wa nne alama zake zilikuwa juu ya 4.0. GPA hujumlisha yote pamoja, kwa hiyo mtu aliyeanza chini akapanda na mtu aliyeanza juu akashuka wanaweza kutoka na namba moja. Kamati ikiangalia namba peke yake haiwezi kujua yupi ni yupi, ingawa karatasi ya matokeo ya kila muhula imeambatishwa kwenye maombi.

Nchi iliyowahi kudai uzoefu

Jambo hili linaniuma zaidi kwa sababu ya historia yetu. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kupitisha azimio kuhusu elimu. Miongoni mwa maamuzi yake, mtu aliyemaliza kidato cha sita asingekwenda chuo kikuu moja kwa moja. Angefanya kazi kwanza, angalau miaka miwili, kisha apendekezwe na mwajiri wake na tawi la chama kazini. Uzoefu ukawa sharti la kuingia darasani kama mwanafunzi. Leo nchi hiyohiyo haiuhesabu kwa mtu anayetaka kusimama mbele ya darasa.

Azimio lile lilikuwa na kasoro zake, na zinahusiana moja kwa moja na kisa hiki. Idadi ya wasichana waliorudi masomoni ilishuka, kwa kuwa wengi walishaolewa au kubanwa na familia ndani ya ile miaka miwili. Fani za sayansi na uhandisi zilikosa wanafunzi wa kutosha. Na pendekezo la mwajiri na la chama, hata likiandikwa na mtu mwadilifu, ni maoni ya mtu juu ya mtu. Masharti yakalegezwa hatua kwa hatua, na katika miaka ya 1980 utaratibu ukaachwa.

Hapo ndipo naielewa hoja ya wanaoitetea 3.8, na ni hoja nzito. Uzoefu hupimwa kwa barua, na barua huandikwa na watu wanaojuana. Ukifungua mlango kwa maneno “au awe na uzoefu wa kutosha”, wiki ijayo kila mkubwa ana mpwa mwenye uzoefu wa kutosha. GPA ina uzuri mmoja mkubwa: mtoto wa mkulima aliyepata 4.2 hahitaji kumjua mtu yeyote. Nimewaona vijana walioingia kwa namba zao tu, bila ndugu hata mmoja mjini, na sitaki mlango wao uguswe. Tena chuo kikuu kinafanya utafiti pia, na mtu anaweza kuwa stadi wa kuziba uvujaji bila kuwa na subira ya kujenga hoja, kukusanya data kwa miaka miwili na kuandika upya makala iliyokataliwa.

Lakini ukiitazama hoja hiyo kwa makini, inachopinga ni uzoefu usioweza kuthibitishwa. Uzoefu wa Injinia unathibitishika. Usajili wa mhandisi mtaalamu unadai miaka isiyopungua mitatu ya kazi inayosimamiwa, ripoti za kazi na mahojiano mbele ya wahandisi wenzake, na jina lake liko kwenye rejesta ya bodi ambayo mtu yeyote anaweza kuikagua. Miradi aliyosimamia ina mikataba, michoro yenye saini yake na hati za makabidhiano. Hayo yote ni magumu kughushi kuliko barua ya sifa njema.

Fani ambazo hazikutenganisha kazi na ualimu

Tunao mfano hapahapa nyumbani. Wanafunzi wa MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, hufundishwa udaktari wodini, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, na madaktari bingwa wa hospitali hiyo hushiriki kuwafundisha. Hakuna anayeona ajabu kwamba anayemfundisha mwanafunzi kufanya upasuaji ni mtu aliyekuwa chumba cha upasuaji mwezi uliopita. Moshi ni hivyohivyo pale KCMC, na Mwanza pale Bugando. Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo nayo hutumia majaji na mawakili kuwaandaa wanaotaka kuwa mawakili. Uhandisi, uhasibu, kilimo na uandishi wa habari ni kazi za mikono na hukumu vilevile, lakini kwa fani hizo tumekubali kuwa chuo ni upande mmoja na kazi ni upande mwingine.

India imelitazama tatizo hili na kuliundia cheo maalumu. Mwaka 2022 tume yao ya vyuo vikuu ilitoa mwongozo wa nafasi ya profesa wa utendaji: mtu mwenye angalau miaka 15 ya uzoefu katika fani yake anaweza kuajiriwa kwa mkataba bila kudaiwa shahada rasmi za kitaaluma, kwa muda usiozidi miaka mitatu, unaoweza kuongezwa mmoja pale inapolazimu, na nafasi hizo zisizidi asilimia 10 ya nafasi za walimu zilizoidhinishwa. Vikomo hivyo vya muda na idadi ndivyo ninavyovipenda, kwa sababu vinazuia mlango mpya kuugeuza ule wa kawaida kuwa hauna maana. Taasisi ya teknolojia ya India, IIT Madras, ambayo tangu 2023 ina kampasi Zanzibar, imelelewa katika nchi yenye fikra hizo.

Kwa upande mwingine Kenya ilikaza kamba. Vigezo vya pamoja vilivyotolewa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu mwaka 2014 viliifanya shahada ya uzamivu kuwa sharti la msingi la cheo cha mhadhiri.

Sisi tumeanza kulizunguka tatizo bila kuligusa. Mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu, unaogharimiwa na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 tangu 2021, umeviwezesha vyuo vya umma kujenga, kusomesha wahadhiri na kuunda kamati za ushauri zenye watu wa viwandani. Pia unawapeleka wahadhiri kwenye viwanda na taasisi wapate uzoefu wa kazi. Nauunga mkono kwa moyo wote. Lakini mhadhiri anayekaa miezi michache kwenye mamlaka ya maji atajifunza kutoka kwa watu kama Injinia, kisha arudi kuwasimulia wanafunzi. Kwa nini tusimlete Injinia mwenyewe?

Ninachokiomba ni kidogo. TCU iruhusu kila idara ya fani za utendaji kuwa na nafasi chache za mkataba wa miaka mitatu, kwa watu waliosajiliwa na bodi za taaluma zao kwa muda usiopungua miaka minane, wenye uzamili, na kazi zinazothibitishika kwa nyaraka. Wafundishe somo moja mbele ya jopo na wanafunzi, kama tunavyofanya tayari kwenye usaili wa wahadhiri. Wasisimamie uzamivu kama hawana uzamivu. Mlango wa 3.8 ubaki ulivyo kwa wanaoanza safari ya kitaaluma wakiwa vijana.

Alichofanya

Injinia hakusubiri sera ibadilike. Kwanza alitafuta mlango mwingine. Vyuo visivyo vyuo vikuu, vile vilivyo chini ya NACTVET, baraza linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, vina masharti yao, na baadhi ya matangazo yake huanzia 3.5 kwa shahada ya kwanza. Alipata nafasi katika chuo kimoja cha namna hiyo. Hakuacha kazi ndipo aombe. Aliomba akiwa mtumishi, barua yake ikipitia kwa mwajiri. Hili nalisisitiza kwa kila anayenisikiliza, maana matangazo ya ajira serikalini huweka ukomo wa miaka 45 kwa waombaji, isipokuwa walioko kazini serikalini. Mtu wa miaka 43 anayejiuzulu kwa hasira ili akasome uzamivu anaweza kumaliza akiwa amejifungia nje.

Pili aliandika. Wataalamu wengi wa nje wanadhani wasifu wa kurasa sita utawasemea. Kamati za chuo husoma uzoefu ulioandikwa kwa lugha yao: swali, njia, data, matokeo, mjadala. Injinia alimwomba mwajiri wake wa zamani kibali cha kutumia takwimu za dira za usiku za miaka minne, akapewa kwa sharti kwamba mji usitajwe. Tuliandika pamoja, jina lake likiwa la kwanza, maana kazi ilikuwa yake. Jarida la kwanza liliikataa. Mkaguzi mmoja aliandika kuwa njia ya kuhesabu matangi ya paa haikuelezwa kiasi cha mtu mwingine kuweza kuirudia, na alikuwa sahihi. Kile ambacho Injinia anakifanya kwa kutembea mtaani na kuangalia juu, ilibidi akigeuze kuwa utaratibu: mitaa mingapi, ichaguliwe vipi, tangi la ukubwa gani lihesabiwe, na nani ahakiki. Kazi hiyo ya kuandika upya ilimchukua miezi mitano. Makala imetoka.

Namshauri kila aliye kazini afanye kama yeye mapema, kabla hajaanza kuomba nafasi. Ukiwa na mradi mkononi, weka data kwa mpangilio, omba kibali cha maandishi kabla hujahama idara, tafuta mhadhiri mmoja anayefanya utafiti wa eneo lako, na mkubaliane mapema nani atakuwa mwandishi wa kwanza. Pokea wanafunzi wa PT na uhifadhi barua za vyuo zinazothibitisha uliwasimamia. Na wewe uliye mwaka wa kwanza au wa pili sasa hivi, kama una ndoto ya kufundisha chuo kikuu, ijue 3.8 leo. Wengi huijua siku ya kusoma tangazo.

Tatu, ameanza uzamivu. Mada yake ni upimaji wa uvujaji kwenye mitandao yenye mgao, jambo ambalo amelifanyia kazi kwa zaidi ya muongo. Msimamizi wake aliniambia kwamba pendekezo lake la utafiti lilipita kwenye kikao cha idara haraka kuliko mengi aliyoyaona, kwa sababu kila swali la wajumbe alilijibu kwa tukio la kweli na namba zake. Hapo uzoefu ulimsaidia.

Hata hivyo, akimaliza, matangazo mengi ya nafasi ya mhadhiri bado yatamwuliza GPA ya shahada ya kwanza. Uzamivu hauifuti. Atakuwa Daktari mwenye usajili wa kihandisi, makala, miaka ya kufundisha diploma na muongo wa kazi, na mchujo unaweza kumwondoa kwa alama alizozipata akiwa na miaka 20.

Idara yetu imemwalika kutoa mihadhara minne kuhusu upotevu wa maji muhula ujao, kama mgeni, kwa posho, bila cheo. Amekubali, na ameomba wanafunzi wapewe usiku mmoja wa kupima dira. Kwenye kikao nilisema kwamba kumwalika tu hakutoshi, nikaomba iandikwe kwenye kumbukumbu kuwa idara ipeleke seneti hoja ya nafasi za mkataba kwa wataalamu waliosajiliwa. Wajumbe watatu waliniunga mkono, wawili walitaka kwanza tupate ushauri wa TCU, na barua ya kuomba ushauri huo imeshatumwa.